Paipu ya breki si mahali pa shaba ya friji

Ukipeleka gari lenye paipu ya breki iliyooza kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa, matengenezo utakayofanyiwa yanajulikana mapema. Fundi atakata paipu ya chuma pale inapovuja, atamtuma kijana dukani akalete futi kadhaa za paipu ya shaba, ile ile ya friji na viyoyozi, ataiunga, atajaza mafuta ya breki, atatoa upepo, na kabla ya adhuhuri gari liko barabarani. Breki inakamata. Mwenye gari analipa na kushukuru. Ninachosema mimi ni kwamba fundi huyo ameliona tatizo vizuri kuliko wengi wanaomkosoa, ila amechukua shaba isiyofaa wakati ipo inayofaa, na namna anavyoiunga inatisha kuliko shaba yenyewe.

Kwanza tuielewe kazi ya paipu hiyo. Kwenye magari madogo mengi ina kipenyo cha nje cha milimita 4.76, yaani inchi 3 kwa 16, na ukuta wenye unene wa milimita 0.7 hivi. Tundu la ndani halifiki hata milimita 3.5. Ukikanyaga breki taratibu kwenye foleni, mafuta yaliyomo yanabanwa kwa makumi ya kilo kwa kila sentimita mraba. Ukikanyaga kwa nguvu zako zote kwa sababu mtoto amekatiza barabara, presha inapanda hadi kilo 100 na zaidi. Tairi la gari hilo hilo linajazwa kilo 2 na ushee tu. Na paipu inatakiwa kustahimili kubanwa huko maelfu kwa maelfu ya mara, ikiwa imefungwa chini ya bodi mahali ambapo matope, mawe na maji hupita kila siku na macho ya mwenye gari hayafiki.

Kiwandani karibu wote waliamua zamani kutumia chuma. Si paipu ya chuma ya kawaida. Ni utepe wa chuma laini uliopakwa shaba, ukaviringishwa mizunguko miwili kamili, kisha ukapitishwa kwenye tanuru hadi ile shaba ikayeyuka na kuzigandisha kuta mbili kuwa moja. Ufundi huu ulianzia Detroit kwenye miaka ya 1920 kwa kampuni ya Bundy, na mpaka leo wapo wanaoiita paipu hiyo kwa jina la Bundy. Ni kitu kizuri. Ufa ukianza kwenye ukuta mmoja haupiti moja kwa moja hadi wa pili, jiwe likiigonga haibonyei kwa urahisi, haichoki upesi kwa mtikisiko, na bei yake ni ndogo. Ubaya wake ni mmoja tu: ni chuma, na chuma kinaliwa na kutu. Ndiyo maana juu yake hupakwa zinki, na kwenye magari ya karibuni tabaka la plastiki juu ya zinki. Tabaka hilo likikwaruzwa, kutu inaanzia hapo hapo.

Nchi zenye theluji zimepambana na jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Marekani, mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ilifungua mwaka 2010 uchunguzi wa paipu za breki zilizooza kwenye pikapu na magari makubwa ya General Motors ya miaka ya 1999 hadi 2003. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 5. Ulipofungwa Aprili 2015, mamlaka haikuagiza magari yarudishwe. Ilisema ni chumvi na uchakavu wa muda mrefu, ikawataka wenye magari waoshe chini ya bodi na wakague paipu zao. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuukataa. Mimi naona umemwachia mzigo mnunuzi wa mwisho, yule mwenye gari la zamani. Na mnunuzi wa mwisho, mara nyingi, ndiye sisi.

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na Japani ina mikoa yenye theluji nzito kama Hokkaido ambako barabara hutiwa chumvi kila msimu wa baridi. Gari la kutoka huko linaweza kung'aa juu, viti vikanukia upya, huku chini kutu imeshaanza miaka mingi iliyopita. Likifika hapa linakuja kuishi kandokando ya bahari. Hewa ya chumvi ya Pwani haihitaji theluji: joto na unyevu vinafanya kazi mwaka mzima, usiku na mchana. Gari linalovuka kwa kivuko cha Kigamboni au Likoni kila siku, au linalolala Jambiani nyumba ya kwanza kutoka ufukweni, paipu zake za chuma zinaliwa haraka kuliko za gari la umri ule ule linaloishi Dodoma.

Kutu hiyo inapenda kujificha. Inaanza chini ya vishikizo vya plastiki vinavyoshika paipu kwenye bodi, kwa sababu mchanga na maji ya chumvi hukwama hapo na kukaa. Inaanza juu ya tangi la mafuta, ambako mkono haufiki bila kulishusha tangi. Inaanza pale paipu inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye nati inapoungana na mpira wa breki. Fundi anayepitisha tochi kwenye kipande cha wazi cha katikati na kusema "paipu ziko poa" amekagua sehemu ambayo mara nyingi ni ya mwisho kuoza.

Kuna jambo la kutisha kwenye hesabu yake. Mkazo unaoupata ukuta wa paipu unapatikana kwa kuzidisha presha kwa kipenyo cha tundu, halafu kugawa kwa unene wa kuta mbili zikijumlishwa. Kwa presha ya kilo 100 kwa sentimita mraba, ambayo ni kilo 1 kwa milimita mraba, tundu la milimita 3.3 na ukuta mzima wa 0.7, unapata kama kilo 2.4 kwa milimita mraba. Chuma cha paipu hizi hukatika kwenye kilo 30 hivi. Ziada ni kubwa mno, na hii inaeleza kwa nini paipu iliyooza inaweza kuendelea kufanya kazi. Tuseme sasa kutu imechimba hadi ukuta umebaki milimita 0.05. Ukikanyaga breki ya foleni ya kilo 25, mkazo unafika kilo 8 tu, paipu inahimili. Ukikanyaga ile ya dharura ya kilo 100, mkazo unafika 33, paipu inapasuka. Gari linasimama vizuri kila siku na kukukatalia siku ile moja. Anayesema "breki ilikuwa nzima asubuhi" hasemi uongo.

Wengi hujituliza kwamba magari yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 yana mifumo miwili ndani ya masta silinda moja, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli, kwa hiyo paipu moja ikipasuka nusu ya breki inabaki. Ni kweli, na uvumbuzi huo umeokoa watu wengi. Lakini pedeli itazama ghafla karibu na sakafu, na dereva ambaye hajawahi kuliona jambo hilo anapoteza muda akishangaa. Kwenye pikapu na mabasi madogo mengi mfumo umegawanywa mbele na nyuma, na breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa zaidi ya kusimamisha gari. Zikiondoka hizo, nusu iliyobaki si nusu ya uwezo.

Kwa hiyo fundi wa Pwani anapokataa kurudisha paipu ya chuma na kuchagua shaba, ana sababu. Shaba haishiki kutu ile inayokula chuma. Inapinda kwa mkono. Mdomo wake, ile ncha inayopanuliwa ili nati iibane, unapanuka bila vifaa vya gharama. Inauzwa karibu kila mtaa. Anayemwambia "rudisha chuma kwa sababu kiwanda kiliweka chuma" hajamjibu, maana kiwanda kiliweka chuma na chuma kimeoza. Wako pia wanaomtisha kwamba shaba itapasuka kwa presha. Hoja hiyo ni dhaifu na tuiache. Hesabu ile ile inaonyesha kwamba mkazo wa kilo 2.4 kwa milimita mraba uko chini sana ya kilo 6 hivi ambapo shaba laini huanza kulegea, na chini zaidi ya kilo 20 na kitu ambapo hukatika. Paipu nzima ya shaba yenye ukuta wa 0.7, ukiibana tu kwa presha ya breki, haipasuki. Fundi anajua hivyo kwa sababu amezifunga nyingi na hazikupasuka. Ukimtisha kwa jambo ambalo macho yake yamelikanusha, hatakusikiliza ukifika kwenye jambo la kweli.

Jambo la kweli ni uchovu. Shaba laini ikitikiswa mfululizo inakakamaa, na ikishakakamaa inapata ufa. Chukua kipande kidogo ukikunje na kukikunjua mara chache utaona kilivyobadilika mkononi: kunja la kwanza ni laini, la nne lina ubishi, baada ya hapo kinakatika. Chini ya gari hukunji kwa nyuzi 90, lakini unatikisa mara nyingi zisizohesabika, na mtikisiko wote unajikusanya mahali pamoja, pale paipu laini inapoingia kwenye nati iliyokazwa. Barabara zetu zinaharakisha hilo. Kipande cha vumbi chenye mawimbi madogo madogo, kile kinachofanya dashibodi nzima ipige kelele, kinaichosha paipu kwa saa moja kuliko lami nzuri kwa siku nyingi.

Hapa ndipo mfano wa Uingereza unapokosa nguvu. Wanaojua mambo hukumbusha, na ni kweli, kwamba huko shaba tupu inauzwa madukani kwa ajili ya breki na magari yanapita nayo kwenye ukaguzi wa MOT wa kila mwaka. Lakini shaba inayouzwa huko kwa kazi hiyo imetengenezwa kwa kipimo cha breki, inafungwa kwa nati na midomo ya breki, inabanwa na vishikizo kila baada ya nafasi fupi, inatembea kwenye lami, na kila mwaka kuna mtu anayelala chini ya gari na taa kuitazama. Ukiondoa yote hayo ukabakiza neno "shaba" peke yake, hujaiga Uingereza.

Paipu ya friji haiji gereji peke yake. Inakuja na ndugu zake wote. Fundi anayenunua paipu ya friji anatumia pia kifaa cha kupanulia mdomo cha fundi wa friji, na kifaa hicho hutengeneza mdomo wa ukuta mmoja, uliofunguka kama faneli. Kwenye friji unatosha. Kwenye breki mdomo unatakiwa kukunjwa mara mbili, ukingo ukirudi ndani, ili nati inapokaza iwe inabana kuta mbili. Mdomo wa ukuta mmoja hukonda pale unapobanwa, na ufa huanzia kwenye shingo. Halafu kuna viungo. Paipu ya chuma ikikatwa katikati na kipande cha shaba kikapachikwa, mahali pa kuungania panahitaji kitu, na kinachotumika mara nyingi ni kiungo cha kubana chenye pete, cha mabomba ya maji au gesi, ambacho kinashikilia paipu kwa msuguano tu. Siku ya presha kubwa paipu inachomoka. Wengine huchomelea. Moto wa kuchomelea unailegeza shaba pande zote za kiungo, unaacha magamba ndani ambayo yatasafiri hadi kwenye masta silinda au kwenye ABS, kifaa kinachozuia magurudumu yasigande, na kile kipande cha chuma kilichoachwa kandokando ya kiungo kilikuwa na umri ule ule na kutu ile ile ya kipande kilichotupwa.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya shaba tupu iliyofungwa mzima kutoka nati hadi nati, midomo imekunjwa mara mbili, vishikizo vyote vipo, na chuma kipya kilichofungwa kwa kiungo cha bomba la maji katikati, ninachagua shaba. Ubaya wa kiungo unazidi ubaya wa malighafi.

Lakini hatulazimiki kuchagua kati ya hivyo. Ipo shaba yenye nikeli, inayojulikana kwa jina la biashara la Cunifer au Kunifer: shaba asilimia 90 hivi, nikeli asilimia 10, na kiasi kidogo cha chuma na manganizi. Nikeli inaifanya iwe na nguvu ya kukaribia chuma cha paipu za breki, na uvumilivu wa mtikisiko ulio mbali na ule wa shaba tupu. Na kuhusu chumvi, mchanganyiko huu haukuanza maisha yake kwenye magari. Ndio unaotumika kwenye mabomba ya maji ya bahari ndani ya meli, na kwenye mitambo ya nchi za Ghuba inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Maji ya chumvi yakiugusa unajitengenezea ngozi nyembamba inayozuia kuliwa zaidi. Kitu kilichobuniwa kuishi ndani ya bahari hakitashindwa na upepo wa Oysterbay au Nyali.

Wala si jambo la majaribio. Volvo, kampuni ya nchi yenye theluji na chumvi nyingi barabarani, iliingiza paipu za namna hii kwenye magari yake tangu mwaka 1976. Zimetumiwa pia na watengenezaji wengine wa Ulaya, Porsche akiwemo, na viwango vya wahandisi wa magari wa Marekani vina kiwango maalumu cha paipu hii. Miaka zaidi ya arobaini na tano ya matumizi inatosha kumtoa mtu wasiwasi.

Kinachonifanya niitetee hapa kwetu zaidi ya popote ni mkono wa fundi. Inapinda karibu kwa urahisi wa shaba. Inakubali mdomo wa kukunja mara mbili kwa kifaa cha kawaida cha mkono bila kupasuka, wakati paipu ya chuma inataka kifaa imara na mkono uliozoea, na mdomo mmoja mbaya unakulazimisha kukata na kuanza upya. Roli moja la futi 25 linatoa paipu ndefu mbili za kutoka mbele hadi nyuma kwenye magari mengi ya saluni. Bei yake ni kubwa kuliko ya shaba na ya chuma, sitaki kuificha. Lakini gharama kubwa ya kazi hii ni saa za fundi: kushusha tangi, kufungua nati zilizoganda, kupitisha paipu, kutoa upepo. Saa hizo unazilipa vile vile iwe umefunga kitu cha kudumu au kitu utakachokirudia.

Udhaifu inao. Ni laini kuliko chuma, kwa hiyo mahali pa kupigwa na mawe, mfano mbele ya tairi la nyuma, inahitaji kuvishwa mpira au springi ya kinga. Haitakiwi kulala juu ya bodi tupu ya chuma kwa sababu metali mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi moja humla mwenzake, na hapa atakayeliwa ni bodi. Vishikizo viwe vya plastiki au vyenye mpira. Tena kuna udanganyifu wa madukani. Shaba tupu inauzwa kwa jina la Cunifer, na chuma kilichopakwa shaba kinauzwa kwa jina la shaba. Beba sumaku ndogo: ikinasa kwa nguvu, ni chuma. Kisha kwaruza kwa tupa: shaba yenye nikeli ina rangi iliyofifia, ya fedha yenye wekundu kidogo, na ni hiyo hiyo hadi ndani. Ukiona wekundu mkali wa waya wa umeme, ni shaba tupu.

Wenye fedha huuliza kuhusu chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa jina lake linaonekana kumaliza mjadala. Kwa gari la kawaida sikishauri. Ni kigumu, kinakataa kupinda, na ukikikunja mdomo mara mbili kinapasuka kwenye ukingo, mara nyingine ufa mwembamba usioonekana hadi mafuta yaanze kutoka. Kwa kawaida hufungwa kwa mdomo wa aina nyingine na nati zake maalumu, kama kwenye magari ya mashindano, jambo linalohitaji kubadilisha viungo vyote. Na aina zake za bei nafuu, zikikaa kwenye chumvi iliyobanwa chini ya kishikizo, zinapata vishimo vidogo vinavyochimba kwenda ndani.

Plastiki niipite haraka, ila niseme hili kwa sababu nimesikia watu wakilichanganya. Paipu za nailoni zilizoko kwenye malori na mabasi makubwa ni za breki za upepo, ambako presha haizidi kilo 10 hivi. Hazina kazi kwenye breki za mafuta. Wala mpira wa mafuta ya petroli hauna kazi huko, hata ukibanwa kwa klipu tatu.

Sasa turudi kwenye mdomo, kwa maana hapa hata paipu nzuri kuliko zote inaweza kuua. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo yametujaa, hutumia mdomo wa faneli uliokunjwa mara mbili. Magari mengi ya Ulaya, kama Volkswagen na BMW, hutumia mdomo wa kiputo, uliovimba kama kitufe. Balaa ni kwamba pande zote mbili mara nyingi hutumia nati yenye nyuzi za aina moja, M10 kwa hatua ya milimita 1, yaani kipenyo cha milimita 10 na milimita 1 kati ya uzi na uzi. Kwa hiyo nati ya mdomo usio wake inaingia, inazunguka, inakaza, na mkono wa fundi unahisi kazi imekwisha. Mdomo wa faneli ukikutana na kiti cha kiputo, vinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Vinaweza kuzuia mafuta wakati wa kutoa upepo na vikaachia baada ya wiki kadhaa za joto na mtikisiko. Fundi akinionyesha paipu mpya, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni mdomo wa zamani, ule uliokatwa, nilinganishe umbo.

Nati yenyewe iingizwe kwenye paipu kabla ya kupanua mdomo, ukingo usafishwe kwa tupa ndani na nje, na paipu ipulizwe ili vumbi la chuma litoke. Kwenye Toyota nyingi nati hizi zinakazwa kwa nyutoni mita 15 hivi, nguvu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Inayovuja kwa nguvu hiyo ina mdomo mbaya, na kuikaza zaidi kunaukata mdomo. Kufungua za zamani kunahitaji spana ya nati za paipu, ile inayoikumbatia nati karibu pande zote. Spana ya kawaida huzila kona, kisha nati inazunguka pamoja na paipu na kuisokota.

Mafuta ya breki nayo yana sehemu yake. DOT 3 na DOT 4, madaraja yake ya kawaida, hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 140. Maji hayo hula paipu ya chuma, masta silinda na silinda za magurudumu kutokea ndani. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni desturi nzuri, na kwa anayeishi karibu na bahari ningesema ni lazima. Hili pia linatenganisha mambo mawili yanayochanganywa kwenye taarifa za ajali. Gari linaloshuka mteremko wa Kitonga dereva akiwa amekanyaga breki muda wote linaweza kupoteza breki kwa sababu mafuta yamechemka, paipu zikiwa nzima kabisa. Ajali za namna zote mbili huandikwa "breki zilikatika", na tukiziandika hivyo hatutajua kamwe ni ngapi zilitokana na paipu.

Kwa magari ya bara, sina sababu ya kumtoa mtu kwenye chuma. Gari la Singida au Tabora, likifungwa paipu mpya ya kuta mbili iliyopakwa zinki na plastiki, ikatengenezwa mdomo sahihi, litatumika miaka mingi bila shida, na ugumu wa chuma dhidi ya mawe ni faida huko. Paipu ya kufunga inategemea mahali gari linapoishi. Pwani na visiwani, shaba yenye nikeli iwe chaguo la kwanza.

Mabadiliko hayo hayataletwa na mwenye gari mmoja mmoja anayejua kubishana na fundi. Wenye maduka ya spea pale Gerezani na Kirinyaga Road wakiweka roli la Cunifer karibu na nati na midomo ya sampuli, fundi atalinunua, kwa sababu ni rahisi kwake kuliko chuma. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, inafundisha vijana ufundi wa magari. Kijana asihitimu kabla hajatengeneza mdomo wa faneli na wa kiputo kwa mkono wake, ukafungwa kwenye pampu ya majaribio na kubanwa mbele ya mwalimu. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wanaweza kudai kwamba paipu yoyote inayouzwa kwa jina la breki iandikwe malighafi yake na unene wa ukuta wake mwilini, kwa maandishi yasiyofutika.

Na ukaguzi wa magari ya abiria uende chini ya bodi. Hiace inayobeba watu tangu alfajiri hadi usiku haiwezi kukaguliwa kwa taa, honi na stika pekee. Mkaguzi alale chini na tochi, afuate paipu kutoka masta silinda hadi kila gurudumu, afungue kishikizo kimoja au viwili karibu na ekseli ya nyuma na kufuta tope kwa kitambaa. Akikuta kiungo cha kubana au alama ya kuchomelea popote njiani, gari hilo lishushe abiria na lisiondoke hadi paipu ibadilishwe nzima, nati hadi nati.